Mlioko vyuoni: ungekutana na wewe wa kidato cha pili, ungemwambia nini? (Wadogo zetu wa Tanga wapite hapa)

BintiMakorora

Habari zenu wakuu.

Nipo mwaka wa tatu chuo, Dodoma. Likizo hii nimerudi nyumbani Makorora, Tanga, na juzi jioni mdogo wangu alikuja kukaa nami kibarazani na lile daftari lake kubwa la kaunta. Yupo kidato cha tatu. Akaniuliza, "Dada, nikimaliza nichukue kombi gani?" Yaani masomo matatu ya kusoma advansi, kidato cha tano na sita. Nikataka kumjibu, nikajikuta nimenyamaza. Swali hilohilo niliwauliza watu mwaka 2020, na jibu nililopewa nimelibeba miaka mitano.

Matokeo yangu ya kidato cha nne yalikuwa divisheni tuu (daraja la pili) ya pointi 18. Kwa shule yetu ya kata ilikuwa furaha kubwa. Lakini ichukue ile karatasi uisome vizuri: Jiografia A, Kiswahili B, halafu C zimejipanga mpaka chini, Fizikia C, Kemia C, Biolojia C. Hesabu D. A ilikuwa moja tu, na haikuja kwa bahati. Ramani mimi nilikuwa nazisoma kama wenzangu wanavyosoma hadithi. Mwalimu akitugawia ile karatasi yenye mistari ya kontua, nilikuwa nakiona kilima kimesimama, naona mto unatokea wapi, naona pa kujenga na pa kutojenga. Jumamosi nilikuwa nashuka Raskazone maji yakikupwa, nakaa tu kuangalia mchanga umehama kutoka wapi kwenda wapi tangu wiki iliyopita. Hakuna aliyenituma.

Nilipouliza nichukue nini, wote waliniambia PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia). Mjomba, jirani, mpaka mwenye duka la pale kona. "C tatu za sayansi utaziachaje? Sayansi ndiyo yenye kazi." Hakuna hata mmoja aliyeniuliza ile A imetoka wapi. Na mimi sikumuuliza hata mmoja wao kama hiyo PCB aliwahi kuisoma.

Nilipangiwa shule ya bweni mkoa mwingine. Wadogo zangu, Fizikia ya advansi ni somo jingine kabisa. Nilipiga msuli usiku na mchana, nikatoka na Biolojia C, Kemia D, Fizikia S, ule ufaulu wa chini kabisa. Divisheni three ya 13. Mlango wa udaktari ukafungwa palepale, maana wanataka upate angalau D kwenye Fizikia pia. Sifa ya kuingia chuo nilikuwa nayo: C ni alama 3, D ni 2, jumla 5, na kiwango cha chini cha TCU, tume ya vyuo vikuu, ni alama 4 kwa masomo mawili. Nikaomba, nikachaguliwa Sayansi ya Mazingira. Siku ya kwanza ya somo la ramani na picha za setilaiti machozi yalinitoka nikiwa nimekaa darasani. Ilikuwa Jiografia yangu ileile. Waliokaa kushoto na kulia kwangu walikuwa wametoka CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia), wamefika pale kwa njia iliyonyooka, na Jiografia ya advansi wanayo kichwani. Mimi nilianza kuitafuta upya.

La pili linaniuma zaidi. Baba alifariki 2017, nikiwa kidato cha pili. Alizikwa siku ileile baada ya alasiri, kama tunavyozika huku kwetu. Nyumba imejaa matanga, nani atakumbuka cheti cha kifo? Miaka mitano baadaye nimemaliza kidato cha sita, naomba mkopo. Bodi ya Mikopo wanataka cheti cha kuzaliwa, na kama mzazi amefariki wanataka cheti cha kifo, na vyote lazima viwe vimehakikiwa kwanza na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Mama akaburuta lile sanduku la bati kutoka chini ya kitanda. Mlikuwa na kadi yangu ya kliniki, picha ya harusi yao, na karatasi ya hospitali iliyokunjwa mara nne mpaka kwenye mikunjo imetoboka. Cheti cha kuzaliwa kilikuwepo, kinasema Mwanahamisi. Cheti cha kidato cha nne kinasema Mwanahamis. Herufi moja tu.

Tukaanza kuzunguka. Serikali ya mtaa, hospitali, ofisi ya Mkuu wa Wilaya, wakili wa kuandika kiapo cha jina. Kila mlango unataka karatasi ya mlango mwingine. Tulipokamilisha, dirisha la maombi lilikuwa limeshafungwa. Mwaka wa kwanza nimeusoma kwa vitumbua vya mama na michango ya ukoo, na baiskeli ya baba, ile nyeusi aliyokuwa anaendea kazini kila alfajiri, iliuzwa kulipia awamu ya pili ya ada. Mkopo nilikuja kuupata mwaka wa pili.

Nikiangalia nyuma, makosa yangu makubwa mawili hayakutokana na uvivu wala uzito wa kichwa. Nilichelewa kujua. Kama kuna mtu angemkalisha yule binti wa kidato cha pili kwa nusu saa tu, akamwambia "andikisha kifo cha baba yako mwezi huu, na ukimaliza usiiache Jiografia," leo ningekuwa naandika habari nyingine.

Sasa wakuu mlioko vyuoni, hasa mliotoka Tanga, kuanzia Ngamiani, Pongwe, Muheza, Pangani mpaka Lushoto. Mwambieni yule mwanafunzi mliyekuwa. Wadogo zetu wanasoma hapa.

---

FundiWaChumbageni

Dada umeandika mpaka mwili umenisisimka. Pole kwa mzee, Mungu amrehemu.

Mimi ningemwambia yule kijana: toka ndani. Nilimaliza 2018, divisheni foo (daraja la nne) ya pointi 27. Fizikia C, Hesabu C, D nne, F moja. Nyumbani kwetu matokeo yale yalipokelewa kama msiba. Nilijifungia miezi mitatu, nikisikia sauti ya rafiki uani naingia chumbani. Niliamini nimeshafeli, basi, kilichobaki ni kubeba zege.

Siku moja mama alinituma nipeleke redio kwa fundi mmoja mtu mzima pale barabara ya 8. Akaniuliza nimepata nini, nikamwambia kwa aibu. Hakushtuka. Akaweka chini chuma cha kulehemu, akaniuliza, "Fizikia?" Nikasema C. "Hesabu?" C. Akaniambia, "Sasa wewe unalia nini? Kaombe chuo cha ufundi." Kumbe kuingia ngazi ya 4 ya NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, wanataka ufaulu wa masomo manne ukiacha ya dini, kuanzia D. Mimi nilikuwa nayo sita! Lakini nilipokuja kuyajua hayo, mwaka ule maombi yalikuwa yameshapita. Mwaka mzima ukaenda bure kwa sababu ya aibu.

Nikaanza uhandisi umeme ngazi ya 4 mwaka uliofuata, nikapanda ya 5, nikamaliza diploma ngazi ya 6 na GPA ya 3.8. Kuingia shahada kwa njia ya diploma kwa kawaida wanataka kuanzia 3.0. Sasa nipo mwaka wa pili wa shahada, darasa moja na waliotoka advansi. Kwenye hesabu ngumu wananisaidia. Tukiingia maabara mimi ndiye wanayenisogelea, maana hizo mashine nimezishika miaka mitatu.

Mdogo wangu ukipata foo usikimbilie kurudia mtihani wala usijifungie. Chukua karatasi, angalia D na C zako ziko masomo gani, halafu ulizia chuo gani kinayataka hayo.

---

Mwl_Pongwe

Naomba kuchangia ingawa mimi chuo nilitoka zamani kidogo. Nafundisha Hesabu sekondari.

Watoto wanaingia kidato cha kwanza wakiwa wameshaamua kwamba Hesabu si yao. Wanasema wao ni wa "atsi", masomo ya sanaa. Wanaisindikiza miaka minne, kwenye mtihani wanaandika jina na namba, wanapiga F, na kwa kuwa masomo mengine yamebeba wanakwenda kidato cha tano vizuri tu. Bili inakuja baadaye. Nina kijana wangu mmoja alipata divisheni one ya kidato cha sita, HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza). Nilijivunia sana. Akaja kwangu na simu, anataka kuomba uchumi, chaguo la pili uhasibu. Tukafungua mwongozo wa udahili wa TCU pamoja, tukasoma kozi moja baada ya nyingine. Kozi nyingi za namna hiyo zinasema kama huna Hesabu ya advansi basi uwe na angalau D ya Hesabu ya kidato cha nne. Alikuwa na F. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza, "Mwalimu, hii ilikuwa imeandikwa hapa siku zote?"

Sijalisahau swali lile. Sasa hivi kila mwaka ule mwongozo ukitoka nachapisha kurasa chache nazibandika darasani kwa kidato cha pili. Unapatikana bure kwenye tovuti ya TCU, anayetaka kukuuzia anakuibia.

D ya Hesabu inaanzia alama 30. Thelathini, wanangu! Takwimu, uwezekano, matriki, hesabu za biashara, mada hizi hazihitaji uwe kipanga, zinahitaji ufanye maswali. Kaa na pastipepa, fanya swali la takwimu la miaka mitano mfululizo, utaona mtunzi anarudi palepale.

---

MchungwaMuheza

Shikamoo mwalimu. Na wewe BintiMakorora hongera kwa kufungua uzi huu.

Mimi nina la Kiingereza, nalieleza kwa kirefu kidogo maana najua linawatesa wengi.

Msingi nilisoma Kiswahili kama wote. Kidato cha kwanza ghafla kila kitu Kiingereza isipokuwa Kiswahili chenyewe. Nikapata mbinu: kukariri. Maana ya neno naikariri na nukta zake, hoja saba za athari za ukoloni nazikariri kwa herufi za mwanzo, nafika kwenye chumba cha mtihani nazimwaga kabla hazijatoroka. Ilinivusha! Nilipata A za kutosha kwa njia hiyo, walimu wakanisifu, nikaamini najua.

Nikafika chuo Dar, semista ya kwanza, semina ya uchumi. Tumekaa duara, watu 25. Mada: mahitaji na ugavi, kwa nini bei ya mazao inaporomoka wakati wa mavuno. Mwalimu akasema nani ana mfano wa kwao.

Wakuu, mimi nimekulia kwenye michungwa. Babu yangu ana shamba, tangu nina miaka sita naokota machungwa. Najua msimu ukikolea malori yanavyopanga foleni barabarani na mnunuzi anavyozidi kuwa na kiburi. Anaangalia juu ya mti, anaona yameiva yote kwa pamoja, anajua babu hana ghala la kuyaweka, anataja bei ya kukera na babu anakubali, maana kesho yatadondoka. Najua mwaka babu alipopata machungwa ya mapema kidogo akauza vizuri mpaka akaezeka upya nyumba. Mada nzima ya semina ile ilikuwa shambani kwetu.

Sikufungua mdomo. Nilikuwa nalo jibu lote kwa Kiswahili, sina sentensi hata moja ya kulibebea. Akanyanyuka mwenzangu aliyesoma shule ya Kiingereza tangu chekechea, akatoa mfano wa nyanya alioutoa kitabuni, wa kawaida tu, akapigiwa makofi. Nilirudi hosteli nikalala bila kula.

Ningemwambia yule kijana wa kidato cha kwanza: usikariri kitu ambacho huwezi kumweleza babu. Ukitoka darasani, jieleze kwanza kwa Kiswahili mpaka uone umeelewa. Halafu lieleze hilohilo kwa Kiingereza chako kibovu, kwa sauti, hata ukiwa peke yako shambani. Mimi nilianza kufanya hivyo chuoni nikiwa na miaka 21. Mwanzoni nilikuwa natetemeka. Kufika mwaka wa pili nilisimama mbele ya ukumbi nikaeleza soko la machungwa dakika kumi na tano, sarufi inavunjika hapa na pale, na watu waliniuliza maswali mpaka muda ukaisha.

Mnaocheka wenzenu darasani wakikosea Kiingereza, acheni. Mnawafunga midomo kwa miaka mingi.

---

BintiMakorora

MchungwaMuheza, hiyo ya mnunuzi kuangalia juu ya mti nimemsomea mama hapa, amesema ndivyo ilivyo kabisa.

Mwalimu, asante sana. Swali la kijana wako nimeliandika kwenye daftari la mdogo wangu.

---

Zawadi_wa_Bombo

Sijui kama nitaandika vizuri, lakini ngoja nijaribu.

2018 nilikuwa kidato cha tatu, nikapata ujauzito. Wakati ule ukipata mimba shule imeisha. Mwanangu alizaliwa hospitali ya Bombo, ndiyo sababu ya jina langu hapa. Nilikaa nyumbani nikiamini mimi na darasa ndiyo basi.

Aliyeniokoa ni shangazi. Alisikia kuna mtihani unaitwa QT, wa watu walioacha shule katikati. Ukifaulu huo unaruhusiwa kufanya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Alikuja na habari hiyo akanikuta nafua nepi, akaniambia kausha mikono tuongee. Nikafanya QT 2020, kidato cha nne 2021, kidato cha sita 2024. Nipo mwaka wa kwanza chuo. Mtoto ana miaka sita, yupo na mama yangu, ameanza shule mwaka huu.

Kwa wadada: Novemba 2021 serikali ilitoa waraka, sasa aliyekatiza kwa ujauzito anaruhusiwa kurudi shule ya kawaida baada ya kujifungua. Ni haki yako. Kama nyumbani au mtaani wanakwambia haiwezekani, wanasema habari za zamani. Rudi. Na kama umri umekwenda au huwezi kukaa tena darasani na wadogo, njia ya QT bado ipo.

Kwa yule binti niliyekuwa, ningemwambia mambo mengi kuhusu yule mwanaume na ahadi zake. Lakini kubwa ningemwambia amweleze mama mapema. Nilificha miezi mitano. Ile miezi mitano peke yangu ndiyo iliyoniumiza kuliko yote yaliyofuata.

---

FundiWaChumbageni

Zawadi, dada yangu, umeandika vizuri kuliko sisi wote. Mungu akukuzie mtoto.

---

KaziMpyaTanga

Yangu mafupi.

Kompyuta. Nilifika chuo sijawahi kugusa. Asaimenti ya kwanza niliandika kwa mkono, nikampa mtu wa steshenari achape, akanitoza kwa kila ukurasa, na kurasa mbili akazipanga vibaya. Semista nzima nilikuwa mteja wake. Ukimaliza kidato cha nne una miezi mingi ya kusubiri matokeo. Tafuta pa kujifunza kuchapa, hata kwa kumsaidia kazi mwenye steshenari hapo mtaani.

Boom, ile pesa ya kujikimu ya mkopo. Siku hizi ni shilingi 10,000 kwa siku, na inakuja kwa mkupuo. Mara ya kwanza niliingiziwa ya siku 60, laki sita, na sijawahi kushika laki sita maishani. Nikanunua simu ya laki tatu na nusu. Wiki ya tano nilikuwa nakunywa chai ya rangi mchana. Ile pesa ni chakula na malazi, na ni deni. Ukiajiriwa wanakata asilimia 15 ya mshahara wako mpaka liishe. Kwa hiyo ile simu bado sijaimaliza kuilipa.

---

MwanafunziF3

Shikamooni wote. Mimi nipo kidato cha tatu, shule ya kata hapa Tanga mjini. Nimesoma uzi wote mara mbili.

Naomba kuuliza. Napenda sana Historia na Kiswahili, na Kiingereza najitahidi. Hesabu napata kama 20 hivi. Baba anataka nichukue sayansi kwa sababu kuna ufadhili wa serikali. Nikisema HKL nyumbani wanakasirika. Nifanyeje? Na hizo karatasi dada ulizosema, mimi naishi na mama wa kambo, sijui vyeti vyangu viko wapi.

---

BintiMakorora

Marahaba mdogo wangu. Umefanya jambo la maana kuuliza ukiwa kidato cha tatu. Kwa swali hili umenizidi miaka miwili.

Baba yako hajakosea kuhusu ufadhili. Samia Skolashipu ipo tangu 2022, ila wanaoipata ni waliofanya vizuri sana kwenye sayansi kidato cha sita, wa juu kabisa. Mtu anayeichukua sayansi huku moyo uko Historia ni vigumu kufika huko. Mimi nimepita, nakuambia nilichokiona. Mweleze baba hivyo kwa adabu, na usiende mikono mitupu. Nenda na mwongozo wa TCU, umwonyeshe kwa kidole kozi zinazopokea masomo unayoyapenda: sheria, ualimu, utawala, mawasiliano ya umma na nyinginezo. Wazazi wengi wanakasirika kwa sababu wanaogopa tutakosa kazi, na hofu hiyo tusiidharau. Akiona umetafuta, atakusikiliza hata kama hatakubali siku hiyohiyo.

Hesabu ukiwa na 20, D iko alama kumi mbele yako, na una mwaka mzima na zaidi. Fanya alivyosema Mwl_Pongwe. Usije ukajifungia milango kama yule kijana wake.

Halafu tangu 2024 tahasusi, yaani kombi, zimeongezwa, sasa ziko 65. Usibaki na zile tulizozizoea za PCB, HGL na HKL tu, tafuta orodha yote usome. Na ukishajaza chaguo lako shuleni, ujue baada ya matokeo huwa wanafungua mfumo wa Selform kwa muda mfupi watu wabadilishe. Mimi nilikuwa na nafasi hiyo na sikuitumia.

Vyeti: mwulize baba leo, muwe wawili tu. Usimwambie unataka mkopo, hiyo ni mbali, mwambie unataka kuona jina lako limeandikwaje. Halafu weka cheti cha kuzaliwa pembeni ya jina ulilosajiliwa nalo shuleni, ulinganishe herufi kwa herufi. Kabla hujasajiliwa mtihani wa kidato cha nne, kurekebisha ni rahisi kuliko baadaye. Na mama mzazi, kama hayupo duniani, samahani kwa kuuliza hivi, uliza kuhusu cheti chake pia.

---

Mwl_Pongwe

Nikazie hapo. Majina yanayokwenda Baraza la Mitihani yanatoka shuleni. Mwanafunzi akija kwangu na nakala ya cheti chake mapema kabla ya usajili, tunasahihisha kwa dakika chache. Akija baada ya mtihani, ni safari ndefu ya viapo na barua. Kila mwaka nawaambia wazazi kwenye kikao, na kila mwaka wanaokuja na nakala hawafiki kumi.

---

MchungwaMuheza

Mdogo wetu, na Historia yako usiikariri. Ipo hapo ulipo. Kamsikilize mzee yeyote aliyefanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, muulize watu walikuwa wanatoka wapi kuja kukata, walikuwa wanalala wapi, nini kiliwaweka. Halafu rudi kwenye kitabu, ile mada ya uchumi wa kikoloni utaisoma kwa macho mengine. Mimi nilijifunza hilo nikiwa nimeshachelewa.

---

MwanafunziF3

Nawashukuru sana dada zangu, kaka zangu na mwalimu.

Jana usiku nimeongea na baba baada ya isha. Mambo ya HKL hatujafika, nilianza na cheti kama dada alivyosema. Alinyamaza kwanza, kisha akaenda kabatini akatoa bahasha ya kaki. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo sana. Cheti cha kifo chake kipo, baba alikiandikisha mwenyewe. Sikuwa najua. Tulikaa tukakisoma wote wawili, na ndiyo mara ya kwanza nimeona jina lake lote limeandikwa.

Cheti changu cha kuzaliwa jina la kati lina Y, shuleni wameniandika kwa I. Baba amesema Jumatatu haendi kazini asubuhi, tunakwenda pamoja kumwona mwalimu wa taaluma. Nimeshatoa nakala mbili.